Mnunuzi Aliye Mbali na Picha ya Bakuli

Zamani mtu akitaka chombo cha mbao alikwenda mwenyewe kwa fundi. Alikishika, akakigeuza kitako juu, akakigonga kwa ukucha asikie sauti yake, akapitisha kidole gumba mdomoni mwake kutafuta mwiba, akakinusa, kisha ndipo aliposhuka katika bei. Ndugu msomaji, wewe mwenyewe umefanya hivyo, ama umemwona mama yako akifanya hivyo sokoni, hata kwa chungu, hata kwa mbuzi ya kukunia nazi. Leo biashara nyingi zimehamia katika simu. Mnunuzi yuko Tanga au Mombasa au Maskati, fundi yuko bara, na baina yao pana picha tu. Mkono umeondoka, pua imeondoka, sikio limeondoka. Limebaki jicho, nalo si jicho huru, kwani laona pale tu lilipoelekezwa na muuzaji.

Nataka kusema habari ya picha hiyo. Aghalabu mambo haya huelezwa kwa ajili ya watu wa matangazo, na hufundishwa namna ya kukifanya kitu kipendeze. Mimi nataka kueleza namna ya kukifanya kitu kijulikane. Njia hizi mbili huanza pamoja na hufuatana kitambo kirefu, kisha mahali fulani huachana, na pale zinapoachana ndipo penye kazi.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyeolewa Ujiji, ni mkereza. Anakaa Nyabibuye, katika wilaya ya Kakonko, ambayo mpaka mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Kibondo. Hiyo ni nchi ya Waha, nchi ya vilima, ng'ombe, mihogo na mizinga ya nyuki, na Burundi haiko mbali. Iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,200, na asubuhi ya mwezi wa Julai sisi watu wa pwani twavaa sweta mbili na bado twatafuta jiko. Nilikwenda kumtazama, nikakaa wiki tatu, na katika wiki hizo nikaona jambo ninalotaka kulieleza.

Vijana wengi sasa hawalijui neno kukereza. Kukereza ni kukizungusha kipande cha mti katika keezo huku fundi amekishikia patasi, na mti unavyozunguka patasi hula kila upande sawasawa, hata kikatoka kitu cha mviringo. Sisi wa pwani tumeishi na kazi ya wakereza tangu babu na babu. Miguu ya vitanda vya zamani vya Lamu, vijiguzo vya roshani za Mji Mkongwe wa Unguja, na ule msuruaki ambao vidole viwili vya mguu huubana katika mtalawanda, vyote hivyo ni kazi ya keezo. Mpwa wangu yeye hukereza mabakuli, visahani na vibweta vya kutilia udi. Hununua vipande vinavyobaki kwa maseremala wa fanicha, vya mninga na mkurungu, akavikereza kwa keezo lenye mota ndogo, akavipiga msasa, kisha akavipaka nta ya nyuki. Nta huko haina shida. Kazi yake ni safi, nami sisemi hivyo kwa sababu ni damu yangu.

Sasa sikiliza kilichotokea. Mama mmoja wa Tanga alikuwa akimwoza binti yake, akataka mabakuli sita ya mbao yawe katika vyombo vya bibi harusi. Akaoneshwa picha ya mabakuli ya mpwa wangu na jamaa, akayapenda, akalipa kwa fedha aliyoipata katika upatu, zamu yake ilipofika. Mabakuli yakafungwa, yakapakiwa katika basi, yakafika salama. Siku ya pili yake ikaja simu. Mama yule hakutukana. Alisema mambo matatu kwa upole, na upole wake ulikuwa mzito kuliko matusi. Kwanza, katika picha mabakuli yalikuwa mekundu kama komamanga, na haya aliyoyapata ni ya hudhurungi. Pili, yeye alidhani ni mabakuli ya kupakulia pilau, na haya yatosha kachumbari. Tatu, moja lina ufa katika kitako, si mrefu, lakini upo.

Mpwa wangu alinigeukia akasema, "Mjomba, uongo wangu uko wapi? Mimi sikumwandikia neno lolote. Kila kilichomo katika picha ni bakuli langu, na bakuli ndilo alilopelekewa."

Nikamwambia, "Mwanangu, hebu nioneshe hiyo picha."

Akanionesha. Ilikuwa picha nzuri sana. Aliyapanga mabakuli juu ya jiwe, jioni, jua likizama. Mwezi wa Julai huko ni kiangazi, watu huchoma nyasi na mashamba, na moshi hujaa hewani. Jua la jioni linalopita katika moshi hubaki na wekundu tu, na wekundu ule hukimwagikia kila kitu, hata mkono wa mtu huonekana kama umetiwa hina. Mkurungu, ambao wenyewe una wekundu wake, ulikuwa unawaka. Aliinama chini, akaisogeza simu karibu, mabakuli yakasimama mbele ya mbingu makubwa kama makuba. Pembeni hapakuwa na kitu cha kuyapima. Na lile lenye ufa alilielekeza ufa upande wa jiwe, si kwa hila, bali kwa sababu bakuli hukaa kwa kitako chake.

Basi ni kweli, hakusema neno la uongo. Walakini mama yule amedanganyika, na fedha ya upatu imekwenda. Je, nani amemdanganya? Hapa ndipo niliposhindwa kulala usiku ule, nikakumbuka mambo tuliyosomeshwa katika darsa tukiwa wadogo, ambayo wakati ule tuliyaona ni habari za ngamia na mbuzi za Waarabu wa kale.

Katika mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.) kuna katazo la kumwacha ngamia au kondoo bila kukamuliwa siku kadhaa kabla ya kuuzwa, ili kiwele chake kijae na mnunuzi adhani ni mnyama wa maziwa mengi. Tazama jambo hilo vizuri. Mnyama ni wa kweli. Kiwele ni cha kweli. Maziwa yaliyomo ni ya kweli, wala muuzaji hakutamka neno. Lililofanyika ni kuchagua saa ya kumwonesha. Na juu ya hayo yote mnunuzi akapewa haki ya kumrudisha mnyama ndani ya siku tatu, pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyoyakamua. Asubuhi nilipomweleza mpwa wangu habari hii, naye amekulia kati ya watu wa ng'ombe, alicheka akasema hila hiyo hata huko Buha inajulikana. Kisha akanyamaza, akaitazama ile picha tena. Jua la jioni ndicho kile kiwele kilichojaa.

Liko na jambo la pili ambalo naona linamhusu kila auzaye kazi ya mikono. Wengi wetu pwani ni wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, na kitabu cha Minhaj cha Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, kimesomeshwa misikitini mwetu vizazi na vizazi. Humo katika mlango wa salam, yaani kulipa leo kwa kitu kilichoelezwa sifa zake na kitakacholetwa baadaye, imam anataja vitu ambavyo salam haisihi kwavyo. Miongoni mwavyo ni vyungu na mabirika na vyombo vya namna hiyo vilivyofanyizwa kwa mkono. Lakini vile vilivyomiminwa katika kalibu amevikubali. Nilipokuwa kijana sikuielewa sababu yake. Niliielewa nilipokaa mbele ya keezo la mpwa wangu. Chombo cha kalibu, ukikijua kimoja umevijua mia. Chombo cha mkono, hapa unene umezidi, pale umepungua, na kila kimoja ni mtu mbali. Maneno hayatoshi kukieleza hata mnunuzi akawa na hakika ya anacholipia. Ule upekee wa kazi ya mkono ambao sisi leo twausifia na kuupandishia bei, wanazuoni waliuona kuwa ndipo mahali pa hatari ya mnunuzi.

Na kitu kilichopo lakini hakijaonwa na mnunuzi, kauli yenye nguvu kwa Mashafii ni kuwa hakiuzwi mpaka kionwe, na Mahanafi wanakiruhusu lakini mnunuzi ana hiari siku atakapokiona. Je, picha ya simu ni kuona, au si kuona? Mimi si mwanachuoni, swali hilo nawaachia mashekhe. Ninalojua ni hili, kwamba ikiwa picha ndiyo imesimama mahali pa jicho la mnunuzi, basi anayeipiga amepewa amana ya jicho la mtu mwingine.

Nadhani yuko msomaji atakayeuliza, vipi mtu wa dini anafundisha picha? Zipo nyumba nyingi za pwani ambazo picha za watu hazitundikwi ukutani, nami ni mmoja wa wenye nyumba hizo. Ama picha ya kitu kisicho na roho, imepokewa kwamba Ibn Abbas (r.a.) alijiwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa ni kufanya sanamu na picha, naye akamwelekeza kwamba ikiwa hana budi basi afanye miti na visivyo na roho. Bakuli ni mti, tena uliokwisha katwa. Lakini nilimwomba mpwa wangu awaondoe watoto katika picha zake, maana alikuwa na mazoea ya kumshikisha binti yake mdogo bakuli ili wateja wapendezwe. Uso wa mtoto si kitu cha kuuzia mbao.

Basi tukaanza kazi. Mimi nilijifunza kupiga picha enzi za filamu, ambapo ulikuwa na picha 36, zikiisha zimekwisha, na kila moja ilikuwa na gharama yake, kwa hiyo mtu alitazama kwanza kisha ndipo akabonyeza. Simu imeondoa gharama, na kutazama kumeondoka pamoja nayo.

Jambo la kwanza ni nuru. Tulizima taa, kwa sababu taa ya manjano ikichanganyika na nuru ya mchana, nusu ya bakuli huwa rangi hii na nusu rangi ile, na kamera haijui imfuate nani. Tukachagua dirisha la kusini. Mwezi wa Julai jua hupita upande wa kaskazini wa nchi yetu, kwa hiyo dirisha la kusini halipigwi na jua siku nzima na nuru yake ni tulivu. Wewe uliye Tanga au Unguja hali ni hiyo hiyo, na ifikapo Desemba geuza, tumia la kaskazini. Kama huna ila dirisha lenye jua, tundika shuka nyeupe. Bakuli likae pembeni mwa dirisha, nuru ilijie ubavuni. Nuru ya ubavuni ndiyo inayoonesha nyuzi za mti, alama za patasi na mviringo wa tumbo, maana upande mmoja hung'aa na wa pili huingia kivulini kidogo kidogo. Nuru ya usoni, kama ile ya flashi, hukilaza kitu kikawa kama sahani iliyochorwa, tena juu ya nta huacha doa jeupe ambalo chini yake hujui kuna nini.

Upande wa kivuli ukiwa mweusi mno, weka kitu cheupe kuirudisha nuru. Sisi tulitumia kanzu yangu iliyofuliwa, tukaitandika juu ya mgongo wa kiti, na kivuli kikafunguka papo hapo. Mpwa wangu alistaajabu kuliko nilivyotarajia. Nikamwambia habari za Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyeishi Misri na kufariki yapata mwaka 1040, ambaye katika kitabu chake cha elimu ya kuona alibainisha kwamba jicho halitoi miali, bali nuru hutoka katika vitu ikaja jichoni, naye akajaribu mambo yake kwa chumba cha giza chenye tundu. Kamera ni chumba hicho hicho, kimepunguzwa. Kwa hiyo hakipigwi picha kitu, yapigwa picha nuru iliyokigusa kitu, na nuru ikiwa na udanganyifu, picha itaubeba kwa uaminifu kabisa.

Nyuma ya bakuli tuliweka karatasi ya manila ya kijivu, ikapandishwa ukutani kwa mteremko pasiwe na pembe wala mstari. Usiweke nyeupe mno, wala nyeusi, kwa ajili ya bakuli moja hili hili. Kamera hutaka picha nzima iwe ya wastani. Ikiona weupe mwingi hupunguza nuru, na mbao zako huwa nyeusi kuliko zilivyo. Ikiona weusi mwingi huongeza, na mbao huchuja. Wakereza wa mpingo walijue hili zaidi, kwani mpingo ukiujaza katika picha, kamera itaufanya kijivu kama jivu la mkaa. Gusa kioo cha simu kwenye mdomo wa bakuli ulio karibu nawe ili hapo ndipo paonekane sawasawa, kisha telezesha kidole kupunguza au kuongeza nuru, mpaka kilichomo kiooni kifanane na kilichopo mezani. Walioneshe bakuli na picha pamoja hapo hapo dirishani watu wawili wasio mafundi, uwaulize kama rangi ni moja. Tuliwauliza majirani. Jirani mmoja, mama wa Kiha mwenye umri, alisema kwa Kiswahili chake kizito kwamba picha ya mwanzo ilikuwa imelewa. Sijasikia hukumu bora ya picha kuliko hiyo. Na yale mapambo ya simu yanayokoleza rangi, hayo yaache kabisa.

Usisogee karibu mno. Lenzi ya simu ni pana, ukiisogeza karibu mdomo wa bakuli huvimba na kitako hukonda, na umbo ambalo fundi amelihangaikia siku mbili hupotea. Rudi nyuma hatua mbili, kisha ukuze picha au ukate pembezoni. Simu isimamishe juu ya matofali, uweke ile saa ya kuhesabu sekunde mbili ili kidole kisiitikise. Futa lenzi kwanza. Lenzi ya mkereza siku zote ina unga wa mbao na jasho, na asilimia kubwa ya ukungu ninaouona katika picha za mafundi si ukungu wa Buha. Kadhalika pangusa bakuli, maana chembe za maranda na alama za vidole ambazo jicho huzisamehe, picha haizisamehe.

Hapo sasa ndipo zile njia mbili zinapoachana. Mpaka hapa mtu wa matangazo atakubaliana nami neno kwa neno. Lakini kuna habari ya mchuuzi aliyekuwa na rundo la chakula sokoni, Mtume (S.A.W.) akatia mkono ndani yake na vidole vikagusa unyevu. Mwenye mali akasema kilinyeshewa mvua. Akaulizwa kwa nini asikiweke juu kile kilichoroa watu wakione. Hakuambiwa akitupe. Hakuambiwa asikiuze. Aliambiwa kile kilichoroa kiwe juu.

Kwa hiyo kila bakuli tulilipiga picha tano. Ya kwanza kwa usawa, kuonesha umbo lake. Ya pili kutoka juu kidogo, kuonesha mdomo na tumbo. Ya tatu ya kitako, kwa sababu kitako ndipo ilipo siri ya mkereza, hapo panajulikana kama amemaliza kazi au ameichoka. Ya nne ya bakuli likiwa na kitu ambacho kila mtu anakijua kwa ukubwa. Tulijaribu rula, nayo ni sahihi, lakini macho ya watu wengi hayasomi sentimita. Tukaweka kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, na mtu wa pwani huhitaji tena maelezo gani? Na ya tano ni ya kasoro. Ufa, fundo, mahali patasi ilipong'oa nyuzi, mti mweupe wa nje ulioingia katika mti mwekundu. Picha hiyo ipigwe kwa karibu, nuru ikipita ubavuni mwa ufa ili uonekane, wala isiwe ya mwisho kabisa pale ambapo mtu ameshachoka kutazama.

"Mjomba," akaniambia, "wenzangu watauza, na mimi nitakaa na mabakuli yangu."

Hoja hii si ya kuibeza, na sikumjibu haraka. Ni kijana mwenye watoto watatu. Aliyekuwa akiuza kwa picha zilizolewa alikuwa akila, na aliyekuwa ananishauri ukweli, yaani mimi, nilikuwa nimekuja na nauli yangu ya kurudi mfukoni. Nilimwambia tu kwamba mama wa Tanga ana dada, na shoga, na watu wa upatu, na wote sasa wameyaona yale mabakuli kwa macho yao.

Tena yako mambo ambayo picha haiyajui kabisa, na hayo hapana budi yaandikwe kwa maneno. Picha haioni uzito. Haioni harufu. Haioni unyevu, na hili ni kubwa kwa bara na pwani. Mti hupumua. Ukikerezwa katika kiangazi cha nyanda za juu, ukapelekwa Tanga penye hewa ya bahari, hunywa unyevu na kutanuka, tena hautanuki sawa pande zote. Kufuata mzunguko wa duara za mti hujongea takriban mara mbili kuliko kutoka kiini kwenda nje, na kufuata urefu wa nyuzi haujongei ila kidogo sana. Bakuli lililotoka keezoni duara kamili huweza kufika pwani na uyai kidogo. Mnunuzi aambiwe hivyo kabla. Aambiwe pia ni mti gani, ulikaushwa muda gani, umepakwa nini, na kwamba mkurungu na mninga hubadilika rangi kwa miaka. Mpwa wangu sasa huyaandika hayo kwa mistari mitano chini ya picha. Mstari wa kwanza ni upana kwa sentimita, na wa pili ni kasoro.

Ama mama wa Tanga, alipigiwa simu siku ya tatu. Mpwa wangu alimwamkia, akamwambia kwamba picha ile ilionesha mabakuli kuwa makubwa na mekundu kuliko yalivyo, na kwamba ana hiari: ayarudishe yote arudishiwe fedha yote, au abaki na anayoyataka. Nauli ya basi ni juu ya fundi. Mama akauliza kama anaweza kubaki na manne, kwani bibi harusi ameyapenda kwa achari. Fedha ya mawili ilirudishwa kwa simu dakika ile ile, nayo ilikuwa imeshawekwa kando kwa ajili ya mota mpya, maana ile ya zamani imeanza kunuka moto. Mota haijanunuliwa hadi naandika haya. Siku nyingine keezo husimama mchana kutwa ili lipoe.

Mabakuli mawili yalirudi Nyabibuye ndani ya boksi la sabuni. Lile zima liliuzwa Kibondo. Lile lenye ufa tuliliweka dirishani, nuru ikilipita ubavuni, kikombe cha kahawa pembeni, na ufa tukaupiga picha yake peke yake, urefu wake ukaandikwa, sentimita 3. Yakapita majuma mawili. Kisha mtu mmoja wa Pangani akauliza kama ufa huo unapita mpaka ndani. Mpwa wangu akajaza maji, akaliacha usiku kucha juu ya gazeti, asubuhi akapiga picha ya gazeti likiwa kavu, akaipeleka pamoja na onyo kwamba leo halivuji lakini hawezi kuahidi la mwakani. Mtu yule akasema atalitumia kwa tende. Wakakubaliana nusu ya bei ya kwanza, na nauli ya kifurushi akalipa mnunuzi.